Stempu Zilizoungwa: Kiungo cha Kiwandani na Kiungo cha Mkono

Kukusanya stempu ni kazi ya utulivu, nayo huwafaa wazee na vijana, watu wa mjini na watu wa mashamba. Haidai uwanja wala mavazi maalum; yatosha mtu kuwa na macho mazuri, vidole vyepesi na subira. Walakini kila kitu kinachotafutwa na watu hupata bei, na kila penye bei hawakosi wadanganyifu. Somo la juma hili lahusu jambo moja dogo ambalo limewapotezea wakusanyaji mali kwa njia mbili. Wengine wameharibu kitu cha thamani kwa kudhani kina ila, na wengine wamenunua ila kwa kudhani ni kitu cha thamani. Jambo lenyewe ni stempu ambayo karatasi yake ina kiungo.

Asiyezoea mambo haya atauliza: stempu ni kipande kidogo tu, chaweza kufunikwa na kidole gumba, basi yawezekanaje karatasi yake iwe imeungwa? Jibu lake ni jepesi kwa mtu aliyepata kusimama mbele ya meza ya muuza nguo katika Mji wa Kale, Mombasa. Jora la nguo hufunuliwa dhiraa baada ya dhiraa, na mara moja moja hutokea mahali ambapo ncha mbili zimeshonwa pamoja, kwa kuwa nguo ilikatika au iliisha kiwandani, ikaungwa na nyingine ili mtambo usisimame. Muuzaji mwaminifu akikuta mshono huo huukata na kuutia kando, wala hampi mnunuzi.

Karatasi nayo ni hivyo hivyo. Kiwandani hutengenezwa kwa urefu mkubwa sana, ikazungushwa kuwa jora zito. Yaweza kupasuka wakati wa kuzungushwa, na hapo mafundi huziunga ncha zake kwa gundi au kwa utepe. Kisha jora hupelekwa kwa mpiga chapa. Mitambo ya kisasa huvuta karatasi bila kukoma, na jora moja likikaribia kwisha, mwanzo wa jora jipya hubandikwa kwenye mwisho wa lile la kwanza. Mtambo hauna macho. Kiungo kinapopita chini ya chapa, nacho hupigwa picha kama karatasi nyingine yoyote: kichwa cha mfalme, simba, jahazi au mlima, vyote hukaa juu ya kiungo kana kwamba hakuna lolote. Baada ya hapo ni kazi ya wakaguzi kutafuta sehemu hiyo, kuikata na kuiharibu. Mara nyingi mafundi huitia alama ya rangi kali ili ionekane kwa urahisi.

Kwa hiyo stempu yenye kiungo cha kiwandani haikukusudiwa kumfikia mtu yeyote. Ikiwa imefika dirishani pa posta, basi jicho la mkaguzi lilipitiwa. Aliyeinunua aliilipia senti zile zile zilizoandikwa juu yake, na pengine aliilamba akaibandika kwenye barua bila kutambua. Ndiyo sababu wakusanyaji huzitafuta. Uzuri wake si mkubwa. Bali huonyesha jinsi kazi ilivyofanyika ndani ya kiwanda, mahali ambapo mnunuzi wa stempu haingii.

Kabla ya kuendelea, hapana budi tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni hicho tulichokieleza, yaani karatasi iliyoungwa kabla ya kupigwa chapa. Cha pili ni stempu zilizokwisha kupigwa chapa kisha zikaungwa na posta yenyewe au na kiwanda, ili zifanywe mkanda mrefu wa kutiwa katika mashine ya kuuzia stempu. Cha tatu ni kiungo kilichofanywa baadaye na mkono wa mtu, kwa nia njema au mbaya. Viwili vya kwanza ni historia. Cha tatu ni kiraka.

Mfano ulio wazi wa hicho cha pili ni wa Marekani. Mwaka 1908 idara ya chapa ya serikali ya huko ilianza kutoa mikanda ya stempu kwa ajili ya mashine. Wakati huo stempu zilikuwa zikipigwa chapa karatasi moja moja, kila moja ikiwa na stempu 400, ishirini kwa ishirini. Mafundi walizibandika karatasi hizo ukingo kwa ukingo, kisha wakazikata kuwa mikanda myembamba. Basi kila baada ya stempu ishirini palikuwa na mahali pa kubandikia. Mwaka 1914 ulikuja mtambo wa kuzunguka uliobuniwa na Benjamin Stickney, uliotumia karatasi ya jora, na kubandika kwa namna ile kukaanza kwisha. Katika kiungo cha namna hii picha haipiti juu ya mshono: stempu moja humalizika, na ya pili huanza juu ya ukingo mweupe wa ile ya kwanza.

Sasa turudi kwetu. Mkusanyaji wa Afrika ya Mashariki akikuta kiungo, swali lake la kwanza lisiwe "Ni bei gani?" bali "Stempu hii ilipigwa chapa kwa jora au kwa karatasi moja moja?" Swali hilo peke yake hukata kesi nyingi.

Posta ya Mombasa ilifunguliwa mwezi wa Mei 1890, chini ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, ambayo ilikuwa imepewa hati yake ya kifalme mwaka 1888. Stempu za kwanza zilikuwa ni za Uingereza zenye kichwa cha Malkia Victoria, zilizopigwa jina la Kampuni juu yake na bei kwa anna: nusu anna, anna moja na anna nne. Mwaka huo huo zikaja stempu za Kampuni yenyewe, zenye jua na taji. Zote hizo zilipigwa chapa karatasi moja moja. Baadaye zikafuata za Himaya, kisha zile za Mfalme George wa Tano zilizopigwa chapa na kampuni ya De La Rue ya London, nazo pia zilitolewa karatasi moja moja. Basi mtu akikuletea stempu ya jua na taji yenye mshono katikati, akakuambia ni kosa adimu la kiwandani, mshukuru kwa taabu yake na umrudishie. Hapakuwa na jora, na pasipo na jora hapana mwisho wa jora wa kuungwa.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya vita. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 jengo la De La Rue mjini London liliharibiwa kwa mabomu. Hata pasipo hilo, safari za meli zilikuwa za hatari na mizigo ilichelewa. Posta ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilihitaji stempu, nazo zikatafutwa karibu. Mwaka 1941 na 1942 zilitolewa stempu za Afrika ya Kusini zilizopigwa juu yake, huko Pretoria, majina ya nchi zetu tatu pamoja na bei mpya. Ya peni moja yenye picha ya jahazi la kizungu ilifanywa senti 5; ya peni tatu yenye nyumba, senti 10; ya peni sita yenye mchungwa, senti 20; na ya shilingi moja yenye nyumbu, senti 70. Mzee aliyekuwa akipeleka barua Mombasa siku zile huenda alizibandika nyingi bila kujali nyumbu yule ametoka wapi.

Mpiga chapa wa serikali wa Pretoria alikuwa ameanza tangu mwaka 1930 kutumia mtambo wa kuzunguka wenye kuvuta karatasi ya jora. Ndiyo maana wakusanyaji wa stempu za Afrika ya Kusini wamezoea kuvitafuta viungo vya karatasi, hali wakusanyaji wa stempu zetu za zamani hawana haja hiyo. Kwa hiyo toleo hili la 1941 na 1942 ndilo mahali pa kwanza ambapo mkusanyaji wa huku kwetu ana haki ya kuangalia nyuma ya stempu kwa matumaini kidogo. Tunasema kidogo, maana wakaguzi walifanya kazi yao.

Stempu hizo zina sifa nyingine inayofaa kutajwa, kwa sababu imeleta udanganyifu wa viungo. Huko Afrika ya Kusini stempu zilipigwa kwa lugha mbili kwa kupokezana: moja imeandikwa jina la nchi kwa Kiingereza, na jirani yake kwa Kiafrikana. Basi mkusanyaji hutaka mbili zilizo pamoja, hazijatengana. Kina mama wa Mombasa hawahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu leso nazo hununuliwa kwa pea, na pea ambayo haijakatwa ni mpya, na iliyokatwa imekwisha kuvaliwa. Stempu mbili za lugha mbili zilizoshikamana zina bei kuliko mbili zilizoachana. Na hapo ndipo mwenye hila huchukua moja ya Kiingereza kutoka bahasha hii, na moja ya Kiafrikana kutoka bahasha ile, akaziweka meno kwa meno, akabandika kikaratasi nyuma, akauza pea.

Hebu tueleze jinsi ya kupambanua. Vifaa si vingi: kioo cha kukuzia, koleo ndogo ya kushikia stempu, taa nzuri, na kisahani cheusi.

Tuanze na kiungo kinachodaiwa kuwa ni cha kiwandani. Elekeza stempu kwenye nuru. Utaona mahali karatasi mbili zilipopandana pana giza zaidi, kama ukanda ulionyooka. Sasa tazama uso wake kwa kioo. Katika kiungo cha kweli picha hupita juu ya mpando bila kukatika, isipokuwa huenda pakawa na mstari mwembamba mweupe pale ukingoni, kwa sababu wino haukufika chini ya ngazi ile ndogo. Mistari ya picha iliyo upande huu huendelea sawasawa upande wa pili. Mtu anayeunganisha vipande viwili kwa mkono hujitahidi sana, lakini mara nyingi mstari hupanda au hushuka kwa unene wa unywele, na kioo humwumbua.

Walakini alama iliyo kubwa kuliko zote haiko juu, iko chini. Fikiri utaratibu wa kazi. Karatasi iliungwa kwanza, chapa ikaja baadaye. Basi ile sehemu ya karatasi ya chini iliyofunikwa na ya juu haikuguswa na wino hata kidogo, ni nyeupe. Katika kiungo cha uongo mambo ni kinyume: vipande vyote viwili vilikwisha kuwa na picha kabla ya kuungwa, na mara nyingi chini ya kipande cha juu kuna wino wa kile cha chini. Ukielekeza kwenye nuru kali utaiona mistari hiyo iliyofichwa, imepotoka na imekaa mara mbili. Mwenye hila aliye fundi hukwangua sehemu hiyo kwa wembe ili aondoe wino, lakini basi karatasi huwa nyembamba mahali hapo, na wembamba nao huonekana kwenye nuru.

Tazama tena vitundu. Stempu hutobolewa mwishoni, baada ya chapa. Kitundu kinachoangukia kwenye kiungo cha kweli hupita katika karatasi zote mbili kwa pigo moja, safi na duara. Katika cha uongo utakuta matundu mawili yasiyolingana vizuri, moja likichungulia nyuma ya jingine. Na gundi? Hapa yataka uangalifu, maana viwanda havikufanana. Ikiwa karatasi ilitiwa gundi baada ya kuungwa, gundi hupita juu ya kiungo. Ikiwa jora lilikuja na gundi yake tayari, basi kiungo kitakuwa juu ya gundi, na utepe wenyewe utaonekana mkavu nyuma. Kwa hiyo gundi isikuhukumie peke yake. Itumie kama shahidi wa tatu au wa nne.

Kwa kiraka kilichofichwa sana, wakusanyaji hutumia kisahani cheusi na matone machache ya benzini safi. Stempu hulazwa kifudifudi, na majimaji yakipenya, kila mahali palipounganishwa, palipotiwa kiraka au palipokwanguliwa hutokeza kwa weusi. Majimaji hayo hukauka upesi wala hayaondoi gundi ya kawaida. Lakini aina kadhaa za wino wa mitambo ya kisasa huyeyuka, na tena benzini ni moto: ifanyie kazi hiyo mchana, nje ya nyumba, mbali na jiko, taa ya mafuta na sigara. Siku hizi taa ya miale ya urujuani husaidia pia bila hatari hiyo, kwa kuwa karatasi mbili za viwanda mbalimbali hung'aa kwa rangi mbalimbali.

Kwa pea iliyounganishwa kwa vikaratasi njia ni fupi zaidi. Angalia vijidaraja vilivyo kati ya kitundu na kitundu. Katika pea ya kweli kila kijidaraja ni karatasi moja isiyokatika. Katika pea ya uongo kila kimoja ni meno mawili yaliyokutanishwa, na nyuzi za karatasi zilizochanika zinaonekana kama manyoya. Linganisha rangi pia: stempu mbili zilizozaliwa pamoja zimeiva pamoja, na zilizotoka katika bahasha mbili aghalabu moja imepauka kuliko mwenzake.

Tuseme, kwa mfano, kijana mmoja anayekaa Mbaraki, upande ule wa magati karibu na mnara wa kale, amerithi mkebe wa bati wa babu yake aliyekuwa karani bandarini. Ndani ya mkebe mna pea moja ya stempu za senti 5 zenye jahazi, hazijatumika, nazo nyuma zina ukanda wa karatasi. Tena mna bahasha moja ya mwaka 1942, ambayo babu aliipeleka kwa nduguye Unguja, ikarudi nyumbani pamoja na vitu vya marehemu. Bahasha imechanwa ubavuni na kuzibwa kwa ukanda mwingine wa karatasi wenye maandishi ya chapa. Mtu amekwisha kumwambia kuwa ile pea ni karatasi iliyoungwa kiwandani, na kwamba atampa fedha nyingi. Kuhusu bahasha amemwambia aubandue ukanda ule mchafu ili ipendeze, naye ataichukua kama bakshishi.

Kijana huyo ana bahati ikiwa anaye mtu wa kumwuliza. "Ami," atasema, "je, niuze?" Na ami yake, kama amesoma somo hili, ataleta kioo. Ataona ya kuwa ukanda wa nyuma umekaa kati ya stempu mbili, hasa pale penye vitundu, wala hapana picha inayopita juu ya mshono. Ataona meno yamekutanishwa, na jahazi moja ni jekundu kuliko la pili. Hicho si kiungo cha kiwandani. Ni kiungo cha mkono, na pea ile yahesabiwa kuwa ni stempu mbili za pekee. "Mwanangu," atasema, "mtu huyo haitaki pea. Anaitaka bahasha."

Kwa sababu bahasha nayo ina kiungo, na hicho ni cha kweli kabisa. Wakati wa vita barua zilizotoka nchi moja kwenda nyingine zilifunguliwa na wakaguzi wa serikali, zikasomwa, kisha zikafungwa tena kwa ukanda maalum uliopigwa chapa kuonyesha kwamba zimekaguliwa. Ukanda huo, pamoja na muhuri wa posta, tarehe na anwani, ni ushahidi wa safari moja ya barua katika bahari yenye vita. Ukiubandua, umefuta ushahidi. Ukizikata stempu na kuitupa bahasha, umefanya vibaya zaidi. Hapa kwetu watu wengi wameharibu bahasha za wazazi wao kwa mkasi ili wapate stempu safi za kutia katika kitabu. Stempu zenyewe zimejaa duniani. Bahasha ilikuwa moja.

Viungo na viraka vya mkono hufanywa zaidi pale bei ilipo kubwa. Mwaka 1922 zilitolewa stempu za Kenya na Uganda zenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, na bei zake zilipanda hadi pauni 100. Ni barua gani iliyohitaji stempu ya pauni 100? Stempu hizo kubwa zilitumika zaidi kulipia ushuru wa hati, zikafutwa kwa kalamu au kwa njia nyingine ambazo si muhuri wa posta. Baadaye watu walizisafisha wino wa kalamu, wakaziba palipoharibika, wakapiga muhuri wa uongo wa posta juu yake. Anayenunua stempu kubwa ya toleo hilo bila kuipeleka kwa mtaalamu anacheza kamari.

Ziko pia zile za dharura za Mombasa za mwaka 1891. Stempu za bei ndogo zilipungua, na maofisa wa Kampuni wakaandika bei mpya juu ya stempu za bei kubwa, nyingine kwa muhuri wa mkono na nyingine kwa kalamu tupu, wakatia herufi za majina yao: A.D. kwa Andrew Dick, mhasibu mkuu, A.B. kwa Archibald Brown, na V.H.M. kwa Victor Mackenzie. Maandishi ya kalamu ni rahisi kuigizwa, na kipande cha bahasha chenye muhuri wa kweli wa Mombasa chaweza kuunganishwa na stempu yenye maandishi ya uongo. Basi hapa kiungo cha kutazamwa ni kile cha muhuri: je, wino wake unatoka juu ya stempu na kuendelea juu ya bahasha bila kupotoka? Mwenye kuunganisha huchagua mahali ambapo mistari ya muhuri ni michache, naye hutumaini kwamba hutaangalia.

Lipo na jambo la sheria. Toka zamani wako watu waliokata sehemu zisizo na muhuri za stempu mbili zilizotumika, wakaziunga kuwa moja na kuibandika tena kwenye barua. Huo si mchezo wa mkusanyaji, ni wizi wa fedha za posta, na sheria za posta huadhibu kutumia tena stempu iliyokwisha kutumika. Barua za leo si nyingi kama za zamani, lakini sheria haikufa pamoja nazo. Vipande vya namna hiyo vilivyopita posta bila kushikwa hukusanywa na watu wengine kama vitu vya ajabu, na hapana ubaya kuwa navyo, maadam viandikwe wazi ni kitu gani.

Mabaharia wetu watatusamehe tukitaja kiungo kimoja kisicho cha karatasi. Katika stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zilizotolewa tangu mwaka 1938 zenye kichwa cha Mfalme George wa Sita, ile ya senti 50 ina jahazi katika ziwa Victoria. Katika karatasi nzima ya stempu hizo, iko moja ambayo kamba yake haikufika kwenye tanga, imeishia hewani. Orodha za wakusanyaji huitaja kwa jina hilo, kamba isiyoungwa na tanga, na bei yake ni kubwa kuliko za wenzake. Mzungu wa London aliihitaji lenzi kuiona. Nahodha yeyote wa Mji wa Kale angeiona mara moja, akauliza chombo kile chaendaje.

Mwisho, maneno machache juu ya kutunza. Ukipata stempu yenye kiungo unachodhani ni cha kweli, usiibandue, usiilowanishe majini, wala usiitenge na majirani zake. Stempu moja yenye kiungo ni ngumu kuthibitisha. Lakini ikiwa katikati ya nyingine mbili au nne, kiungo huonekana jinsi kilivyopita, na mtaalamu ana pa kushikia. Ikiwa imeanza kuachana, iache hivyo hivyo ndani ya bahasha ya karatasi laini. Usitie gundi yako wala utepe wa plastiki, maana hapo utakuwa umefanya kwa mkono wako kile kile tulichokieleza kuwa ni kiraka, na utepe huo huacha doa la manjano lisilotoka.

Watu wa pwani wana adui mwingine, nao ni unyevu. Hewa ya bahari huilegeza gundi, na stempu zisizotumika hushikamana zenyewe kwa zenyewe, hasa wakati wa masika, hata zikawa tofali moja. Zipange zikiwa zimetengwa kwa karatasi ya nta, kitabu kisimamishwe wima na kisilazwe chini ya vitabu vingine, nalo sanduku lifunguliwe siku za jua kavu ili hewa ipite, wala si kuzianika stempu zenyewe juani. Zikishikana usizivute. Ziweke pamoja na kitambaa kilicholowa kidogo ndani ya chombo kilichofunikwa, zisigusane nacho, na baada ya saa kadhaa uzijaribu kwa ncha ya koleo, moja baada ya moja.